Rangi Nyeusi Haishiki Chasisi

Acha niseme msimamo wangu mapema ndio tusizungushane: mtu anayepaka rangi juu ya ufa wa chasisi halafu anauzia mwingine hilo gari hana tofauti na mtu anayekata breki usiku. Awe ni broka, awe ni fundi, awe ni binamu yako aliyekuletea dili. Na najua kuna wale mtaniandikia kwa komenti kwamba Nairobi ni kujipanga. Sawa. Someni kwanza, tutabishana baadaye.

Wengi wenu mnanijua kwa zile video za magari mazee yanayorudishiwa sura. Gari linaingia na vumbi na kutu, dakika moja baadaye linatoka linameta, muziki unagonga, nyinyi mnagonga laiki. Naipenda hiyo kazi. Imenilipia nyumba tangu nitoke chuo mwaka wa pili, wakati karo iliisha kabla hamu haijaisha. Lakini kuna sehemu ya gari ambayo hizo video huwa hazifiki, kwa sababu hakuna mtu anataka kuangalia matope na grisi. Hiyo ndiyo sehemu inayobeba kila kitu.

Ukiondoa kabini, bodi ya nyuma, injini na magurudumu ya pikapu, kile kinachobaki kama ngazi iliyolazwa ndicho chasisi. Reli mbili ndefu za chuma na vipande vinavyozikingama. Mzigo wote unakaa hapo. Kila tuta, kila shimo la barabarani, kila gunia, reli hizo mbili zinakunjika kidogo sana na kurudi. Huoni kwa macho, lakini inafanyika maelfu ya mara kwa safari moja.

Chukua waya mwembamba uukunje na kuukunjua. Mara ya kwanza haukatiki. Mara ya kumi unaanza kulegea. Baadaye unakatika bila nguvu yoyote. Wahandisi wanaita hiyo uchovu wa metali. Nilifundishwa darasani kwa mfano wa ndege za abiria za Comet, zilizotengenezwa Uingereza. Mwaka 1954 mbili kati yake zilipasuka angani, moja mwezi wa kwanza na nyingine mwezi wa nne, zikaanguka baharini huko Mediterania. Uchunguzi ulirudi kwenye uchovu wa metali, nyufa zilizoanzia pale ambapo bodi ya ndege ilikuwa imetobolewa. Niliandika kwenye daftari, nikafanya mtihani, nikasahau. Sikujua somo hilo nitalirudia Kariobangi, chini ya pikapu ya mathe.

Mathe hununua viazi Kinangop, upande wa Njabini, anashusha hadi soko la Wakulima, pale tunaita Marikiti. Pikapu yake ni ya tani moja, imenunuliwa kwa mkono wa pili, na ndiyo inalipa karo ya sistangu mdogo aliye Form Three. Mwanzoni wa mwaka dereva wake akaanza kulalamika. Gari linalia kwichi kwichi kwenye matuta. Mlango wa kushoto unakataa kufunga gari likiwa na mzigo, lakini likishushwa mzigo unafunga poa. Halafu mathe mwenyewe akaona kitu: nafasi kati ya kabini na bodi ya nyuma ilikuwa imepungua upande wa juu, kama meza iliyobonyea katikati.

Fundi aliingia chini na tochi, akakaa huko muda mrefu kuliko vile ningependa. Akaniita. Nyuma kidogo ya kabini, reli ya kushoto ilikuwa na mstari mwembamba wa kutu. Ukiangalia haraka ungedhani ni uchafu. Akausugua na burashi ya waya mpaka chuma kikawa cheupe, akapaka mafuta taa, akangoja, akapangusa vizuri, halafu akasugua chaki nyeupe juu yake. Tukakaa. Taratibu, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yakaanza kutoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ulianzia mdomo wa chini wa reli ukapanda hadi zaidi ya nusu ya ukuta wake. Wasee, hiyo ndiyo video ya kutisha zaidi nimewahi kurekodi, na hakuna hata muziki ndani yake.

"Ona umeanzia wapi," fundi akaniambia. Ulianzia kwenye shimo la bolti. Mtu fulani, kabla gari halijafika kwetu, alitoboa mdomo wa chini ndio afunge sanduku la vifaa. Hapo ndipo Comet ilinirudia. Reli ikibebeshwa mzigo katikati ya magurudumu, upande wake wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Ukitoboa shimo upande unaovutwa, karibu na ukingo, umeuambia ufa mahali pa kuanzia. Ongeza magunia yaliyofungwa mukurinu, yale yamevishwa kilemba juu, wakati sheria inataka gunia la viazi liwe la kilo 50. Kazi imeisha.

Sasa, broka alijitokeza kabla hata fundi hajanawa mikono. Hawa watu wana pua. Akamwambia mathe, "Mama, usisumbuke. Hapa ni kupitisha rodi juu juu, tunapaka rangi nyeusi chini yote, gari inaonekana imetoka kwa meli jana. Nina mteja wa laki tatu na themanini."

Bila hiyo rangi, na ufa ukionekana, mwenyewe alisema haifiki laki mbili na kumi. Hesabu ni rahisi: laki moja na sabini kwa kopo la rangi na jioni moja. Karo ya sistangu ilikuwa imebaki. Mathe alikuwa na deni la chama. Msiniambie hamwezi kuelewa kishawishi hicho, kwa sababu mimi nilikielewa vizuri sana.

Mathe akamuuliza, "Huyo mteja anataka ya nini?"

"Ni kijana wa Mwea. Atakuwa anabeba watu wa kibarua kuwapeleka mashambani."

Mathe akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Watu wanakaa nyuma?"

"Eeh, nyuma."

"Basi hapana. Huyo kijana ana mamake. Na hao wa nyuma pia wana watoto."

Broka alicheka, akanigeukia mimi kama kijana mwenzake ndio nimsaidie kumwelewesha mzazi. Nikamwambia gari haliuzwi. Hiyo wiki nilikuwa na pesa ya kamera mpya, niliyokuwa nimeweka kidogo kidogo miezi minane. Ikaenda kwa chuma, rodi na kazi ya fundi: elfu thelathini na nne. Kwa wiki mbili mathe alikodi pikapu ya mtu mwingine, na faida yote ikaliwa na kukodi. Nawaambia bei kwa sababu watu huongea juu ya uaminifu kana kwamba ni bure.

Sasa nione kama nitawaeleza vile kazi ya ukweli inafanywa, ndio siku moja ukisimama karibu na fundi ujue kama anatengeneza ama anaficha.

Kwanza, gari lilivuliwa. Bodi ya nyuma ikatolewa, paipu za breki na za mafuta zikasogezwa mbali, betri ikafunguliwa na waya zake, ndoo ya mchanga ikawekwa karibu. Kuchomelea karibu na tangi la mafuta si mchezo. Halafu reli ikainuliwa na jeki polepole mpaka midomo ya ufa ikakutana tena, na fundi akapima kwa futi kutoka kona hadi kona, mkingamo huu na ule. Vipimo vikitofautiana, ujue ngazi imepinda, na ukichomelea hivyo umeifunga katika kosa lake milele.

Pili, alitafuta mwisho wa ufa kwa ile chaki, akatoboa shimo dogo hapo hapo kwenye ncha. Nikashangaa: si shimo ndilo lilileta shida? Akanieleza kwamba ncha ya ufa ni kali kama wembe, na nguvu yote ya kupasua inakusanyika hapo. Shimo la duara kwenye ncha linaitawanya hiyo nguvu, ufa unakosa meno. Shimo moja kwa mahali pabaya lilianzisha ufa, lingine kwa mahali pazuri likausimamisha. Hii kitu sikuiandika kwa daftari lolote.

Tatu, alichukua grainda akachimba ufa wote kwa umbo la V, kutoka juu hadi mwisho. Hapa ndipo utamjua mwongo. Mwongo hachimbi. Anapitisha rodi juu ya ufa kama mtu anayepaka siagi kwa mkate, na chini yake chuma bado kimeachana. Fundi alitumia rodi zilizoandikwa 7018, akazikausha kwanza kwa joto, kwa sababu rodi hizo zikiwa na unyevu huingiza haidrojeni ndani ya chuma moto na kuzaa nyufa mpya. Alichomelea vipande vifupi vifupi, akingoja. Kijana mmoja akataka kumwaga maji ndio ipoe haraka, karibu apigwe na nyundo. Chuma kinataka kipoe chenyewe. Lile shimo la zamani la bolti nalo likajazwa, na kila kitu kikasagwa kikawa laini.

Nne, kiraka cha kuongeza nguvu. Mimi nilidhani kadiri bamba lilivyo nene ndivyo bora. Nilitaka hata lile la milimita kumi. Fundi akapima unene wa reli, akachagua bamba la unene ule ule, refu kupita ufa kwa pande zote mbili. Akakata ncha zake mshazari, kama mkia wa samaki, si wima kama kipande cha mkate. Akachomelea kwenye ukuta wa reli, kufuata urefu, na hakuweka mstari wowote wa kukata reli wima wala kugusa kingo za midomo.

Sababu ndiyo hii, na ningependa muishike hata kama hamtawahi kushika rodi. Ukiweka bamba nene lililokatwa wima, hapo katikati panakuwa pagumu sana na hapakunjiki tena. Lakini mzigo bado upo. Kukunjika kote kunahamia pale bamba linapoishia, ghafla, kwenye mstari mmoja. Baada ya muda reli inakatika hapo, kando ya kiraka, na kiraka chenyewe kiko sawa kabisa. "Gari nyingi zinarudi hapa hivyo," fundi alisema. "Kiraka kizima, chasisi vipande viwili." Ndio maana ncha zinakatwa mshazari, ugumu uingie polepole na kutoka polepole.

Mwisho kabisa ndipo rangi iliingia. Praima ya kuzuia kutu kwanza, kisha nyeusi. Kwa hivyo msinielewe vibaya, sina ugomvi na rangi. Rangi ni kazi ya mwisho. Shida ni wakati ndiyo kazi ya kwanza na ya pekee.

Niliweka video yote, dakika kumi na nane. Ndiyo iliyoangaliwa kidogo kuliko zote mwaka huu. Komenti moja ilisema, "Buda, rudi kwa magari yanayong'aa." Nitarudi, usijali, kodi inalipwa na magari yanayong'aa. Lakini hiyo ya chasisi siifuti.

Na pikapu? Inafanya kazi. Ila mathe amebadilisha masharti: magunia ishirini ya kilo 50, basi. Tani moja ni tani moja. Dereva alinung'unika, wanunuzi wawili Marikiti wakasema mathe siku hizi ana maringo, na kwa kila safari anapata pesa kidogo kuliko zamani. Ile karo ilikamilika kwa kuchelewa wiki tatu, baada ya mathe kwenda kuongea na mwalimu mkuu. Kila mwisho wa mwezi naingia chini na tochi na chaki, naangalia ncha zote nne za kiraka. Fundi alituambia chasisi iliyowahi kupasuka ni kama mguu uliowahi kuvunjika: inatembea, lakini usiache kuisikiliza.

Kwa hivyo wewe unayeweka pesa ndio ununue pikapu yako ya kwanza uanze biashara, usisimame nje ukipiga picha. Lala chini. Ukiona chasisi yote ina vumbi la miaka halafu futi moja ina rangi mpya nyeusi, uliza. Ukiona mstari wa kuchomelea umepanda wima juu ya reli, uliza. Angalia nafasi kati ya kabini na bodi kama ni sawa juu na chini, kushoto na kulia. Funga na ufungue milango gari likiwa na mzigo. Na muuzaji akikuambia, "Si unaona ni safi," mwambie umeona, sasa unataka mafuta taa na chaki.

Akikataa, ushapata jibu lako. Rudi nyumbani na pesa zako.

Na wewe fundi ama broka unayesoma hii ukikasirika: umewahi kumuuliza mteja ni nani atakaa nyuma? Niandikie hapo chini.