Joho Kabla ya Kazi: Shahada ya Haki Jinai na Deni Lake Marekani

Ni shahada chache zinazonadiwa nchini Marekani kwa picha nyingi na hesabu kidogo kama shahada ya haki jinai, yaani masomo ya polisi, mahakama na magereza na namna vyombo hivyo vinavyomshughulikia mtuhumiwa. Kipeperushi chake cha kawaida humwonyesha binti aliyevaa glavu akiokota ganda la risasi, huahidi ajira za uhakika, kisha hunyamaza kuhusu mambo mawili ambayo mzazi aliyekulia Tanga au Mwanza angeyauliza kabla ya kukaa kitini: kazi hiyo inalipa kiasi gani, na je, haipatikani bila shahada?

Jibu la swali la pili linaudhi. Idara nyingi za polisi nchini humo humtaka mwombaji awe amemaliza sekondari tu, na hata zile zinazodai masomo ya chuo mara nyingi hazijali ni ya fani gani. FBI, inayopenda kutajwa katika vipeperushi hivyo, hutaka shahada ya fani yoyote pamoja na uzoefu wa kazi, na haijawahi kuficha kwamba inawahitaji wahasibu, wanasheria na wataalamu wa kompyuta. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2023, mshahara wa kati, yaani ule ambao nusu ya wafanyakazi hupata zaidi yake na nusu pungufu, ulikuwa takriban dola 75,000 kwa mwaka kwa polisi na wapelelezi, 62,000 kwa maofisa wa probesheni na 53,000 kwa askari magereza, na kati ya hao ni ofisa wa probesheni pekee ambaye kwa kawaida hudaiwa shahada. Watetezi wa fani husema kuwa idara nyingi haziajiri mtu aliye chini ya miaka 21, hivyo ni heri kijana asome kuliko akae. Hoja hiyo ina uzito wake, ingawa haielezi kwa nini asome kwa bei hiyo.

Bei yenyewe ni hii. Mwanafunzi anayetegemea wazazi huweza kukopa serikalini dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili na 7,500 kwa kila mwaka wa tatu na wa nne, jumla dola 27,000, ambazo zikilipwa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 6 humtoa mtu takriban dola 300 kila mwezi na kufikia dola 36,000. Sehemu ya mikopo hiyo huanza kuzaa riba tangu siku fedha zinapotolewa, mwanafunzi akiwa bado darasani, na miezi sita baada ya kuhitimu malipo hudaiwa. Taarifa ya mkopo ya binti mmoja wa ukoo wa mwandishi, mhitimu wa fani hii ambaye sasa ni mlinzi wa usiku wa kampuni binafsi, ilionyesha malipo ya dola 180, na katika hizo 140 zilikuwa zimekwenda kwenye riba. Mama yake, aliyezoea mambo ya Bodi ya Mikopo ya Tanzania, aliigeuza karatasi hiyo nyuma akitafuta mahali lilipoandikwa deni limepungua kiasi gani.

Kwa watoto wa wahamiaji lipo na la uraia. Mwenye ukaazi wa kudumu hupewa mkopo wa serikali bila kinyongo, lakini idara nyingi za polisi humtaka raia. California ililegeza sharti hilo mwaka 2023 na Illinois mwaka 2024. Anayemkopesha, basi, si anayemwajiri, na hawaulizani.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Sheria ya mwaka 1968 ya kupambana na uhalifu iliwakopesha polisi ada ya chuo, kisha ikafuta robo ya deni kwa kila mwaka waliobaki kazini. Msamaha uliopo leo, ulioanzishwa mwaka 2007, humtaka mdaiwa alipe mara 120 akiwa katika utumishi wa umma au asasi isiyo ya faida, na mlinzi wa kampuni binafsi hayumo.

Nyumbani Tanzania nako mikopo ina vituko vyake: foleni za rufaa, bumu, yaani posho ya mwanafunzi, linalochelewa, makato ya asilimia 15 ya mshahara, na ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliyowatesa wadaiwa hadi ilipofutwa mwaka 2021. Hata hivyo, mpangilio wa nyumbani una akili ambayo vipeperushi vya Marekani havina, kwa kuwa kijana wa kidato cha nne huenda depo ya polisi Moshi kwanza, hupata namba na mshahara, na shahada ya sheria huitafuta Chuo Kikuu Huria akiwa tayari koplo. Ikiwa shahada hiyo itampandisha cheo ni mjadala mwingine, na makonstebo wa Kenya wenye shahada, waliopokonywa mshahara wa daraja la inspekta mwaka 2018 wakaishia mahakamani, wangekuwa na mengi ya kusema.

Njia hiyo ya kazi kwanza na shahada baadaye ipo hata Marekani, kwani idara nyingi huwarudishia askari wao ada ya chuo. Tatizo ni kwamba wazazi wa ughaibuni hawaitaki. Ukumbi hukodiwa na sare za kitenge hushonwa kwa ajili ya mahafali ya chuo kikuu, na bado hajaonekana shangazi aliyechangisha watu kwa sababu mtoto amefunga mafunzo ya ukuruta, japo huyo ndiye asiyedaiwa na mtu.