Tuone

Mimi si mganga wa mifugo. Ni mkulima wa ufuta na mihogo, na shamba langu liko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka njia panda ya Nangurukuru, pale magari ya Lindi na ya Kilwa Masoko yanapoachana. Sisi wa pwani mbwa hatumwingizi ndani, lakini shambani hatuwezi kuishi bila yeye. Ukimkosa, nyani watavuna kabla yako. Wangu nilimwita Tuone.

Mwaka 2016 alipatwa na muwasho wa ngozi, akajikuna usiku kucha mpaka damu. Katika duka moja la dawa za mifugo nikauziwa vidonge vya predinisoloni. Siku ya tatu muwasho ukakatika. Nani angeiacha dawa ya namna hiyo? Vikiisha nanunua vingine, na hakuna aliyeniuliza nimempa kwa muda gani. Ikafika miezi mitano.

Tuone akawa mbwa mwingine. Alimaliza maji ya ndoo, akahema kivulini, tumbo likaning'inia. Hayo nilidhani ni uzee. Lililonishangaza ni tabia. Mbwa aliyekuwa akinirukia kwa furaha nikitokeza njiani, sasa alijificha nyuma ya kichanja. Jembe likianguka, alishtuka kama kasikia bunduki. Usiku alizungukazunguka asilale. Na chakula chake alikilinda mno; ukipita hatua kumi, ananguruma. Nilimpiga kwa hilo, tena si mara moja.

Siku moja mjukuu wangu wa miaka 6 alipita karibu na sufuria yake. Tuone akaruka, akang'ata pindo la kanga. Ngozi haikuguswa, ila kilio cha mtoto kilitosha. Majirani wakaja na marungu: "Mzee, huyo ana kichaa, unangoja nini?" Nami nilikwisha kukubali.

Aliyetuzuia ni bwana mifugo mstaafu aliyekuwa akipita na baiskeli. Aliamuru mbwa afungwe peke yake siku 10, maana kichaa si jambo la kubahatisha. Kisha akaniuliza taratibu, "Mzee mwenzangu, huyu unampa dawa gani?"

Nilipomwonyesha vidonge akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba juu ya figo kuna tezi ndogo zinazotoa homoni iitwayo kotisoli, jamii ya steroidi. Mnyama akikurupushwa na chui, homoni hiyo humsaidia kupata nguvu ya kukimbia. Hatari ikipita, nayo hushuka. Predinisoloni hufanya kazi kama homoni hiyo, nami nilikuwa nikimpa kila siku. Chui wa Tuone hakuondoka kwa miezi mitano. Ile njaa, ule woga na ile hasira vyote vilitoka humo.

Nikataka kuvitupa vidonge palepale. "Ukifanya hivyo utamuua," akasema. Tezi zikiletewa homoni kutoka nje kwa muda mrefu hulala, na dawa ikikatwa ghafla mnyama anaweza kuanguka na kufa. Tukapunguza kidogo kidogo kwa majuma mengi, mwishoni siku moja anapewa, siku moja anaachwa. Siku 10 zilipita bila dalili ya kichaa.

Baadaye nilisoma habari za Robert Sapolsky, Mmarekani aliyeanza mwaka 1978 kuwafuata nyani wa Maasai Mara, Kenya. Aliwalaza kwa vishale vya dawa ya usingizi, akapima kotisoli katika damu yao. Pale ukubwa ulipokuwa umetulia, nyani wa chini, wanaosukumwa na kunyang'anywa kila siku, ndio waliokuwa nayo nyingi hata wakati wa kupumzika. Nilicheka peke yangu: nimefuga mbwa afukuze nyani, na nyani ndio walionifundisha habari za mbwa wangu. Kisha nikakumbuka fimbo. Kila nilipompiga nilikuwa namwongezea kilekile nilichomnywesha kwa kidonge.

Muwasho ulirudi kidogo, tukautuliza kwa kuwaondoa viroboto na kumwogesha. Furaha yake ilichelewa zaidi. Ilikuwa msimu wa kuvuna ufuta aliponikimbilia njiani, nami nikasimama na mzigo kichwani nisijue la kufanya. Mjukuu wangu ni msichana mkubwa sasa. Tuone akila, alikuwa akizunguka nyuma ya banda, na mimi sikumwambia apite mbele.