Pumu Iliyongoja Nimalize

Lukole, kambi yetu ya wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania, ilikuwa na mpaka wake. Hatukuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, kwa hiyo sisi tuliopenda mbio ndefu tulizunguka tu: Lukole A hadi Lukole B, kisha kurudi, kwenye barabara ileile ya malori ya chakula. Kiangazi, vumbi jekundu lilichanganyika na moshi wa kuni, na kambi nzima ikakohoa. Wenzangu walikohoa wakapona. Mimi nilikuwa na pumu.

Aliyetutia wazimu wa mbio ni Vénuste Niyongabo. Agosti 1996, huko Atlanta, alishinda mita 5,000 na kuipa Burundi dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Nafasi yake ya mita 1,500, mbio aliyoizoea zaidi, alikuwa amemwachia mwenzake Dieudonné Kwizera. Wazee waliisimulia nafasi ile kuliko hata dhahabu, nadhani kwa sababu huko tulikotoka, mwaka ule, watu walikuwa hawaachiani kitu.

Pumu yangu ilikuwa na tabia iliyowachanganya watu: haikunishika njiani. Nilimaliza, mara nyingi nikiwa mbele, nikapeana mikono na wenzangu, kisha baada ya muda kifua kikaanza kupiga filimbi na mabega kupanda. Angekuwa mgonjwa kweli angeshindaje, watu waliulizana. Wengine walisema naigiza. Jirani mmoja alimnong'oneza mama kwamba nimerogwa na niliowashinda, na mama, ambaye uchawi aliuamini usiku tu, akanificha raba zangu. Zahanatini nilipewa vidonge vya aminofilini vilivyonitetemesha mikono, pamoja na ushauri uliotolewa kila mahali zamani zile: acha kukimbia.

Aliyenitoa hapo ni mwalimu wetu wa mbio, mtu ambaye hakusomea tiba hata siku moja. Aliona kwamba nikitoka bombani nimechelewa, nikaja mbio nikihema hadi uwanjani, siku hiyo kifua hakinibani. "Kijana, wewe choka kwanza," akaniambia. Basi kabla ya kila shindano nilipiga mikimbio mifupi ya nguvu, nikapumzika, ndipo nikaenda mstarini. Wapinzani wangu walicheka kuona mtu anajimalizia nguvu bure.

Maelezo nimeyapata ukubwani. Mtu akihema kwa kasi kupitia mdomoni, njia za hewa hukauka na kupoa, misuli inayozizunguka ikajikaza, na mkazo huo hufika kileleni dakika chache baada ya kusimama. Ndiyo maana pumu yangu ilingoja nimalize. Lakini njia hizo zikichokozwa mapema, kwa baadhi yetu hutulia kwa saa moja au zaidi. Mwalimu alikuwa amefika hapo kwa macho tu.

Lukole ilifungwa mwaka 2008. Waliobaki walihamishiwa kambi ya Mtabila, Kasulu. Sisi tulikuwa tumeshavuka mpaka wa Kobero kurudi nyumbani Burundi. Mwaka huohuo Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia mwenye pumu, alikataa marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa kuhofia hewa chafu, kisha Septemba akaweka rekodi ya dunia Berlin, saa 2:03:59. Nilipomsimulia mama, habari za kurogwa hakuzigusa. Aliuliza tu: "Huyo anatumia dawa gani?"

Nami sikujua kwamba kuna dawa za namna mbili. Salbutamoli, ile ya kuvuta inayokuja mara nyingi kwenye kichupa cha buluu, hufungua kifua papo hapo. Beklometasoni hutuliza uvimbe wenyewe, na huvutwa kila siku hata ukijisikia mzima, jambo gumu kumweleza mama wa mtoto anayekimbia vizuri asubuhi hiyo. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa imeacha kupendekeza watu wategemee salbutamoli peke yake. Vijana ninaowafundisha Muyinga wananiletea vichupa vya buluu, vya buluu tu, na kila mmoja anaapa kwamba duka la dawa lilimwambia hicho kinatosha.