Raketi si sare ya harusi
Mume wangu anafanya kazi Muleba, mimi niko Bukoba mjini, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yetu na tenisi ndiyo mtoko wetu. Mwaka jana akaniletea zawadi: raketi pacha wa yake, nyeusi, kichwa cha inchi 90 za mraba. Mapenzi hayo, jamani! Ila yeye kaanza kucheza tangu sekondari, mimi nilikuwa na miezi mitatu tu. Kichwa kidogo hakina huruma: usipopiga katikati, mpira unaishia wavuni na mkono unatetemeka hadi kwenye kiwiko. Jumamosi ikageuka mzigo, naye akadhani nimemchoka yeye.

Nikamweleza. Anayeanza anahitaji kichwa cha inchi 100 hadi 110, uzito wa gramu 255 hadi 285 kabla ya nyuzi, na mpini ambao ukiushika, kidole cha mkono wa pili kinapenya kati ya ncha za vidole na kiganja. Hata Roger Federer mwaka 2014 aliiacha inchi 90 akahamia 97, sembuse mimi wa Kashai!

Sasa nina yangu, inchi 105. Ile nyeusi anaibeba mwenyewe, ya akiba, siku nyuzi za yake zikikatika.