Risiva ya Baba

Ukiingia Kariakoo ukasema unatafuta risiva, utaletewa king'amuzi. Mimi nililetewa cha dishi, kisha cha antena, kisha nikaulizwa kama kadi yangu imeisha. Muuzaji wa duka la tatu alinielewa nilipomchorea nyuma ya risiti: boksi moja, waya mmoja unaokwenda kwenye televisheni, na nyingine zinazokwenda kwenye spika tano na sabufa.

"Aaa, amplifaya ya hom thieta," alisema. "Sasa dada, si uchukue tu sabufa hizi za kawaida? Shemeji atafurahi."

Hakukuwa na shemeji. Ilikuwa ya baba.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa na kibanda umiza Temeke. Televisheni ya inchi 21, deki moja, mabenchi, na spika mbili alizotengenezewa na fundi seremala. Mimi nilikaa mlangoni kukusanya viingilio. Baba alikuwa nje akipiga soga, na akisikia sauti imebadilika kidogo tu alijua kama ni mkanda umechoka au ni waya umelegea. Watu wa mtaani walimletea redio zao azisikilize kabla hawajazipeleka kwa fundi.

Sasa ana miaka 67, na mwaka jana nilipokwenda nyumbani nilisikia taarifa ya habari nikiwa bado kituoni. Natia chumvi, lakini si nyingi. Jirani alikuwa ameshakuja mara mbili kuomba apunguze. Mama alikuwa amehamishia kiti chake uani.

"Hizi televisheni bapa spika zake mbovu," baba aliniambia. "Watu wanaongea kama wanatafuna kitu."

Nilimwamini haraka sana, kwa sababu alichosema kina ukweli. Televisheni bapa haina nafasi ya spika kubwa, na spika ndogo zilizomo mara nyingi zinaangalia chini au ukutani badala ya kumwangalia mtazamaji. Zamu yangu ya mchezo kazini ilikuwa imefika. Nilikuwa na shilingi 1,200,000, na tatizo linalouzwa dukani.

Wiki tatu zilizofuata nilisoma kuhusu risiva kuliko nilivyosomea mtihani wowote. Nilianza na wati. Kariakoo kuna maboksi yameandikwa wati 12,000, kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa. Lakini plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha na volti 230 unapata wati 2,990. Hizo nyingine zinatoka wapi? Hata risiva za maana zinahitaji kusomwa maandishi madogo. Moja inasema wati 80 zikiwa zimepimwa chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Nyingine inasema wati 150 zilizopimwa kwenye chaneli moja, kwa mlio mmoja tu wa hezi 1,000, sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza. Ile ya 80 inaweza kuwa ndiyo yenye nguvu. Na ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo mtu sebuleni anaitambua kwa shida.

Nusura ninunue ya mtumba kutoka Japani, nzito na nzuri, kwa laki nne na nusu. Nilipoigeuza nikaona imeandikwa volti 100. Ingehitaji transfoma, na siku mtu akisahau na kuichomeka moja kwa moja ukutani, kwaheri. Pia redio yake iliishia 90 kwenye FM, kama ilivyo kwenye magari mengi ya Japani, na stesheni nyingi za baba ziko juu ya hapo.

Kilichoniamulia ni spika ya katikati. Kwenye mfumo wa spika tano na sabufa, maneno ya waigizaji karibu yote hutoka kwenye spika iliyo chini au juu ya televisheni, muziki na milipuko ikienda pembeni. Risiva nzuri inakuruhusu kuipandisha hiyo moja peke yake. Kwa hiyo niliacha zile za chaneli saba na spika za darini, maana sebule yetu haifiki mita nne, nikachukua iliyokuwa ya bei ya kati kati ya tatu zilizokuwepo, laki tisa na nusu. Spika nilinunua za mtumba. Spika hazichomekwi ukutani, kwa hiyo suala la volti haliko. Nilihakikisha tu omu zake zinaendana na risiva.

Jumapili tukaifunga. Baba alizikata na kuzimenya nyaya mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Risiva ilikuja na maikrofoni ndogo ambayo unaiweka pale mtazamaji anapokaa, kisha mashine inatoa mlio kwenye kila spika ili ijipime na chumba. Mlio unaanza chini kama ngoma, unapanda, unapanda, unaishia kwenye uzi mwembamba kabisa. Nikamwomba mama azime feni. Tukakaa kimya.

Mlio ulianza spika ya kushoto. Ulikuwa bado unapanda baba aliponyanyua kidole na kunong'ona, "Imeisha."

Haikuwa imeisha. Niliendelea kuusikia.

Spika ya katikati, ikawa hivyo hivyo. Ya kulia, hivyo hivyo, kidole kile kile, mahali pale pale. Nilimtazama mama aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakushangaa. Aliangalia chini, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusoma barua ambayo yeye ameshaisoma.

Baadaye nilielezwa hospitali jambo ambalo ningependa kulijua mapema. Masikio yakizeeka, sauti za juu ndizo hutangulia kupotea. Irabu ziko chini na zina nguvu, lakini konsonanti kama s, f na t ni hafifu na ziko juu. Kaa, taa, saa, paa, faa: mzee anasikia "aa" vizuri kabisa, ila hajui ni ipi. Ndiyo maana husema watu wanatafuna maneno. Ndiyo maana kuongeza sauti hakumsaidii sana, kunaongeza "aa" tu.

Lakini siku ile sikuwa na hayo. Tuliwasha filamu, nikaipandisha spika ya katikati kwa desibeli 4. "Sauti safi sana," alisema baba. Dakika chache baadaye akauliza, "Amesema saa ngapi?" Hakuna aliyetaja saa.

Nikazima.

"Baba, ule mlio wa kwanza ulikuwa bado unaendelea."

Alikunja vipande vya nyaya vilivyobaki, akavifunga kimoja kimoja.

"Najua, mama," alisema. Mimi ni wa jina la mama yake. "Nilikuona unavyonitazama."

"Tangu lini?"

"Kahawani nimeacha kwenda tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Najibu kitu kingine, wanacheka." Kisha: "Ungeniuliza kabla hujatoa hela."

Ningeweza kumwambia kwamba na yeye angeniambia. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaona. Kwenye mahari ya binamu yangu alitikisa kichwa kukubali jambo alilokuwa analipinga wiki nzima, na mimi nikageukia simu. Kujifunza omu kulikuwa rahisi kuliko kumuuliza baba, aliyesikiliza redio za mtaa mzima, kama bado anasikia.

Tulikwenda kupimwa wiki iliyofuata. Chumba kidogo, hedfoni, kitufe cha kubonyeza. Mstari kwenye karatasi yake ulianza vizuri kushoto, kisha ukateremka kulia. Kifaa cha kusaidia kusikia, cha sikio moja tu, kilikuwa ghali kuliko risiva. Nimerudi kwenye mchezo, safari hii zamu yangu ni mwezi wa nane.

Kabla hatujaondoka, mtaalamu alimvisha kimoja cha majaribio. Baba alitulia, kisha akageuka.

"Nini hicho kinachokwaruza?"

Ilikuwa karatasi ya majibu mkononi mwangu. Nikaacha kuikunja. Yeye alishakivua kile kifaa, anakigeuzageuza kwenye mwanga, anatafuta maandishi madogo.

"Hii," akamuuliza mtaalamu, "ina wati ngapi?"