Mwosha Bureti

Bika haipimi. Ina mistari ubavuni, imeandikwa 100, 150, 200, na mwanafunzi mgeni huiamini kwa kuwa maandishi yametoka kiwandani. Mistari ile ni ya kukisia. Hata watengenezaji wa bika nyingi huandika kwamba kosa lake hufika asilimia 5. Bika ni ya kuchanganyia, kuchemshia na kubebea. Anayetaka kujua ujazo aende kwenye silinda ya kupimia, na anayetaka kuujua kwa uhakika aende kwenye pipeti au bureti. Nimeyarudia maneno haya kwa vidato vingi mno, hata leo nikipita sokoni Majengo mtu mzima mwenye ndevu hunipa shikamoo kisha anaongeza, "Mzee, bika haipimi!"

Nilikuwa teknishani wa maabara katika sekondari za serikali, sehemu kubwa ya kazi yangu ikiwa mkoani Dodoma. Nilisomea Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, Dar Tech tulivyokiita, kabla hakijageuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Huko ndiko nilikoona kifaa cha Kipp, chombo cha kioo chenye matumbo matatu, kilichobuniwa na Mholanzi Petrus Kipp katika karne ya 19. Ukifungua koki, asidi hupanda kutoka tumbo la chini na kuvifikia vipande vya salfaidi ya chuma vilivyo tumbo la kati, gesi ikatoka. Ukifunga, gesi yenyewe huisukuma asidi irudi chini, na kazi ikakoma. Hakuna umeme wala moto. Gesi yenyewe ilinuka mayai viza na nguo zetu zikanuka hivyo hivyo, lakini sijapata kuona kifaa kingine kinachojiongoza kwa akili namna ile. Katika shule zote nilizofanyia kazi hakikuwapo hata kimoja.

Mzee aliyenipokea katika kituo changu cha kwanza hakunikabidhi kemikali. Alinipa tupa, mrija wa kioo na kizibo cha mpira. "Mwanangu," aliniambia, "hapa utaumizwa na kioo kabla hujaumizwa na asidi." Alinionyesha jinsi ya kuukwaruza mrija kwa tupa mara moja tu, kuuvunja kwa kuusukuma mbali na kifua, kuilainisha ncha yake kwenye moto ili isikate, kisha kuuzungusha juu ya mwali mpana mpaka ulegee na kukubali kupinda. Kuuingiza kwenye kizibo ndipo penye hatari. Unaulowesha kwa gliserini au maji ya sabuni, unaufunga kitambaa, unaushika karibu kabisa na kizibo na kuuzungusha taratibu. Anayeushika kwa mbali na kuusukuma kwa nguvu hujikuta na kipande cha kioo kiganjani. Makovu ya mikononi mwangu yote ni ya kioo, na mzee alisema kweli.

Nirudi kwenye bureti, maana ndiyo iliyokula umri wangu.

Bureti ya shule huchukua sentimita za ujazo 50, na kila mstari mdogo ni 0.1. Sifuri yake iko juu. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa sababu macho yamezoea silinda ambayo namba zake hupanda. Kimiminika kikiwa kwenye 23.40, mwanafunzi huhesabu kutoka chini na kuandika 24.60. Mwingine husoma akiwa amesimama juu ya kigoda, mwingine amechuchumaa, na kila mmoja hupata jibu lake. Jicho linatakiwa liwe sawa na uso wa kimiminika, na kinachosomwa ni sehemu ya chini ya ule mbonyeo. Ila kwa pamanganeti ya potasiamu, ambayo kwa weusi wake haikuonyeshi chini, husomwa ukingo wa juu.

Kuosha nako kuna mantiki yake, na hili ndilo swali nililopenda kuwauliza wanafunzi kuliko yote. Kwa nini bureti tunaisuuza kwa maji halafu kwa kimiminika kilekile kitakachoingia ndani yake, lakini flaski ya koni tunaisuuza kwa maji peke yake? Matone ya maji yakibaki kwenye bureti yatazimua asidi, na asidi haitakuwa ile iliyoandikwa kwenye chupa. Kwenye flaski ya koni mambo ni kinyume. Pipeti imeshapima kiasi kamili cha alikali, na maji yakiongezeka humo hayapunguzi wala hayazidishi alikali hiyo. Ukiisuuza flaski kwa alikali, umeongeza kitu ambacho hakuna aliyekipima. Mwanafunzi aliyeelewa hilo sikuwa na wasiwasi naye, hata kama hesabu zilimsumbua.

Pipeti nayo ina siri yake. Ukiimwaga, tone moja hubaki kwenye ncha, na mkono huwasha kutaka kulipuliza. Liache. Aliyeiwekea alama kiwandani alikwisha kulitoa kwenye hesabu. Tulipoanza kazi tulifyonza kwa mdomo, na walimu wetu walifyonza vivyo hivyo. Siku hizi kuna kifyonzeo cha mpira, na sioni sababu yoyote ya kuikumbuka kwa hamu ladha ya kostiki.

Kostiki, yaani haidroksaidi ya sodiamu, ndiyo adui wa bureti. Hula kioo polepole. Ikilala usiku kucha kwenye bureti yenye koki ya kioo, asubuhi koki imegandamana, na kijana mwenye nguvu akiinyonga anabaki na vipande viwili. Mimi huiloweka kwenye maji ya uvuguvugu na kuigonga kidogo kidogo kwa kipande cha mti. Koki inapogoma kabisa, au ncha ikivunjika, bureti bado ina maisha. Unakata sehemu mbovu, unavisha kipande cha mpira, unatia ncha ya kioo uliyoivuta mwenyewe motoni, na juu ya mpira unabana kibanio. Mjerumani Karl Friedrich Mohr alitumia bureti ya namna hiyo katika karne ya 19, kwa hiyo usidhani ni ufundi wa umaskini. Kwa kostiki ni bora kuliko ya koki ya kioo, kwani hakuna cha kuganda. Usiitie pamanganeti wala iodini tu. Hizo huula mpira.

Wageni wa maabara hawaijui siku ya kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Maelekezo yameshafika, yanataja kemikali na vifaa, na watahiniwa labda ni 80. Unapima gramu 4 za kostiki kwa kila lita ili upate 0.1 M, na unazipima upesi, juu ya kioo cha saa, kwa kuwa zinavuta unyevu wa hewa huku mizani ikizitazama. Ukitengeneza lita 10 katika flaski ya ujazo ya lita moja moja, kila lita hutofautiana kidogo na mwenziwe. Kwa hiyo zote nazimimina kwenye pipa moja la plastiki lenye mfuniko, nakoroga, ndipo nagawa. Hapo mtoto wa mstari wa mbele na wa mstari wa nyuma wanapimwa kwa kimiminika kimoja. Kisha nafanya jaribio mwenyewe, usiku, mpaka majibu mawili yalingane. Mwalimu husifiwa matokeo yakitoka, na ni haki yake. Aliyelala saa nane hatajwi.

Maji ndiyo yaliyonihangaisha Dodoma. Visima vingi vya kule vina chumvi. Ukidondoshea nitrati ya fedha, maji matupu yanatia weupe, na mwanafunzi anaandika kwamba ameona kloraidi kabla hajapewa sampuli. Tulikusanya maji ya mvua, tulichemsha na kuyapooza kwa kondensa ya Liebig, ambayo maji yake ya baridi lazima yaingie kwa chini na kutokea juu, la sivyo mrija wa nje haujai. Pasipo na bomba, nilipandisha ndoo juu ya kabati. Kazi ya saa nyingi kwa chupa chache.

Mwaka 2014 ikaja kampeni kubwa ya ujenzi wa maabara, kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu, vya Fizikia, Kemia na Baiolojia. Wananchi walichanga, na majengo mengi yalisimama. Nilitumwa kusaidia kupokea vifaa katika baadhi ya shule. Katika moja nilikuta masanduku ya bika za kila ukubwa, kutoka ile ya kushika vidole viwili hadi ya kuogeshea kichanga, na bureti nne kwa shule nzima. Bika nyingine zilikuwa za kioo cha kawaida, si kile cha borosiliketi kinachotanuka theluthi moja tu ya kioo cha kawaida kikipata moto. Juu ya jiko la mafuta ya taa zilipasuka wiki ya kwanza. Aliyenunua alinunua kinachoonekana kwenye picha ya makabidhiano.

Kwa hiyo, mkuu wa shule unayenisoma, fedha za maabara zikija, nunua kwanza bureti zenye koki ya teflon, pipeti zenye ujazo mmoja na vifyonzeo vyake, flaski za koni, flaski za ujazo na mizani inayofika sehemu ya mia ya gramu. Testitubu nunua nyingi, zinavunjika. Bika chache zinatosha. Na kabla ya yote hayo, omba uletewe teknishani, umlipe posho yake ya usiku wa mtihani.