Sensa za Mtumba

Jumanne, 11 Machi 2025

Mama mwenye gari jeusi la 2018 amerudi. Akiwasha injini, taa ya upepo wa tairi inamweka kwa kama dakika moja, kisha inabaki inawaka. Tairi likipungua upepo tu, taa huwaka bila kumweka. Ikianza kwa kumweka, gari halizisikii sensa zake za upepo, zile zinazokaa ndani ya tairi kwenye valvu. Nimepitisha skana kwenye kila valvu: mbili bubu, ya tatu betri dhaifu, ya nne bado inasema.

Gari limetoka Uingereza. Betri ya sensa imefunikwa kwa gundi ndani ya plastiki, haibadilishwi, na umri wake ni miaka mitano hadi kumi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Ukizipanga hesabu hizo mbili, utaona kwa nini magari mengi yanashuka bandarini Kilindini sensa zake zikiwa zimechoka.

"Fundi, Idd naenda Nairobi na watoto. Hata za mtumba nitafutie, mpya zote sitaziweza."

Nitamtafutia. Ila haiingii hata moja tairini kabla sijaipima mezani.

Alhamisi, 13 Machi

Muuza spea amenipa mfuko wa sensa alizozitoa kwenye rimu za mtumba. "Chukua, zote nzima hizo." Anasema kwa nia njema, lakini hana kifaa cha kumwambia hivyo. Nimechagua sita, nitakazozikataa nirudishe.

Kijana wangu wa gereji akauliza kwa nini tusizifunge tu tuone kama taa itazima. Nikamwambia ahesabu: kushusha gurudumu, kuvunja ukingo wa tairi, kufunga, kujaza, kubalansi. Sensa ikiwa mbovu, yote hayo yanarudiwa, na anayelipa ni yule mama. Hapa mezani kuipima ni dakika chache.

Tumeanza kwa macho. Mikono ya valvu ni ya alumini, na mtu fulani aliwahi kutia sindano za shaba tupu. Alumini na shaba zikikutana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa, na hewa ya pwani yetu ina chumvi ya kutosha. Moja imeshikana kabisa, sindano ikakatika nikiifungua. Hiyo nje. Sindano za kufungia hapa ziwe zile zilizopakwa nikeli, na mipira yote iwe mipya.

Kisha skana, moja moja, nyingine nimezipeleka mbali, maana mawimbi ya kuamshia huweza kuamsha jirani ukasoma jibu lisilo lake. Gari hili linasikia megahezi 433 kama magari mengi ya Ulaya. Sensa moja inatangaza kwa 315. Ni nzima kabisa, lakini kwa gari hili ni bubu. Nikaiandika pembeni, itamfaa mwingine.

Zilizobaki ni nne. Tatu zimetoa namba zao za herufi nane, upepo sifuri, joto nyuzi 31, sawa na kipimajoto cha ukutani. Ya nne kimya.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ni zamu ya chupa ya kuzipimia sensa zikiwa ndani ya upepo. Niliitengeneza kwa kasha la plastiki la chujio la maji, tundu moja nimelifunga, la pili nimelitia valvu ya tairi. Bomba la chuma lingekuwa imara zaidi, lakini chuma huzuia mawimbi. Naiweka nyuma ya ubao mzito, na sipandishi zaidi ya psi 35, maana hewa iliyobanwa si kitu cha kuchezea.

Ile iliyokuwa kimya imeamka ilipofika psi 20 hivi! Nimefurahi kijana alikuwepo akaona. Kuna sensa zinazolala mpaka zisikie upepo, na mtu mwenye haraka angeitupa.

Nyingine imenisikitisha. Mezani ilisoma sifuri na joto sahihi, betri sawa. Ndani ya chupa, geji ya nje ikisema 34, yenyewe bado inasema sifuri. Nilipoitazama kwa lensi, kijitundu chake kimezibwa na ile dawa nyeupe ya kuziba pancha. Skana peke yake ingeipitisha.

Jumatatu, 17 Machi

Neno "betri sawa" kwenye skana silitegemei. Betri ya lithiamu hushikilia volti zake karibu mpaka mwisho, kisha huanguka ghafla. Nimezitia tatu zilizobaki kwenye friza, kando ya juisi ya ukwaju ya futari, kwa sababu baridi huidhoofisha betri iliyochoka. Baada ya muda mbili zimejibu. Ile ya usingizini haikujibu mpaka ilipopata joto tena. Nimeiacha, ingawa niliipenda.

Jumatano, 19 Machi

Kijana ameuliza swali nililolingoja: kwa nini tusizibe taa kwa kipande cha utepe, kama wanavyofanya wengine. Nikamweleza kwamba Marekani ilipitisha sheria ya TREAD mwaka 2000 baada ya matairi kupasuka, magari yakapinduka na watu wakafa. Kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya kule lazima liwe na taa hii, na Ulaya kuanzia Novemba 2014. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila mzunguko, linapata moto ndani, na dereva hahisi kitu. Kati ya Voi na Mtito Andei, na lami ya saa nane mchana, mimi nataka mama yule aambiwe mapema.

Alhamisi, 20 Machi

Tumefunga mbili za mtumba na moja mpya. Ya nne ya zamani, ile iliyokuwa bado inasema, nimeiacha mahali pake, nikamwambia mama wazi kwamba ni ya umri uleule, ibadilishwe tairi lake litakapofunguliwa tena. Tulivunja ukingo upande wa mbali na valvu, nati tukakaza kwa spana ya kipimo. Namba zote nimemwandikia kwenye karatasi, kila moja na gurudumu lake. Gari hili hujifunza sensa likitembea. Tulipofika Mariakani taa ilikuwa imezima, na dashibodi ikakubaliana na geji yangu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemrudishia muuza spea zake na maelezo ya kila moja. Ameniomba niende Jumatatu na skana na chupa nipime mfuko mzima, anilipe kwa kila sensa. Nimekubali kwa sharti moja: zilizokufa tuzivunje hapohapo mikono ya valvu, zisirudi mfukoni. Amefikiri kidogo, akasema sawa.